Buibui wa Mwanangu

1

Mtu wa kwanza kumwamkia Mwantumu Shekalaghe katika kijiji cha Kwezibao alikuwa marehemu.

Ilikuwa saa moja asubuhi. Ukungu wa Usambara ulikuwa umelala juu ya mashamba ya iliki kiasi kwamba ukinyoosha mkono huoni vidole, na Mwantumu alikuwa akishuka njia ya chemchemi, kikombe cha chai mkononi, akitafuta mahali pa kupata mtandao ili ampigie bintiye. Sauti ikatoka vichakani, upande wa kushoto. Ilikuwa sauti ya kijana, imekonda kidogo kama ya redio inayoishiwa betri, ila kila neno lilisikika.

"Shikamoo mama. Nimefika."

"Marahaba," Mwantumu akaitikia, na kabla hajafunga kinywa akajua amejibu hewa.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na utando wa rangi ya asali uliotandazwa kati ya mashina mawili ya iliki, mpana kuliko ungo, umejaa matone ya umande. Katikati alikaa buibui jike, tumbo lake ukubwa wa tende, miguu ya mbele imeshika nyuzi mbili kama mpiga zeze anayetafuta sauti. Akazikwaruza. "Shikamoo mama. Nimefika." Kisha akasema mwingine chini kidogo, na mwingine ng'ambo ya kijito, hadi mteremko mzima ukawa unamwamkia, kila mmoja kwa wakati wake, kwa sauti ileile na heshima ileile. Mwantumu alikuwa na miaka hamsini na minne. Katika kazi yake ya karantini alishakagua meli zilizooza na makontena yenye nyoka hai, na bado chai ilimmwagikia kiatuni.

"Umemjibu, bosi?"

Daktari Msuya, mtaalamu wa wadudu aliyetangulia kijijini kwa wiki moja, alikuwa amesimama juu ya njia, begi la vifaa mgongoni, anacheka.

"Usione haya," akasema. "Kila mwanamke anayefika hapa humjibu. Mimi nilipita tu. Mimi haniamkii, anamwamkia mama."

Buibui hao hawakuwa wa msitu huu wala wa msitu wowote duniani. Walitengenezwa ng'ambo, na kampuni ambayo sasa ilikwisha kufunga milango, kwa ajili ya watu wenye msiba mkubwa na nyumba ndogo. Ulipeleka sauti ya mtu wako aliyekufa. Wao waliichezesha kwa kifaranga cha buibui kila walipomlisha, hadi mwili wake ukakubali kwamba sauti ile ndiyo chakula na chakula ndicho sauti ile. Hewa ikiwa na unyevu nyuzi hukaza, naye akazipiga, na mtu wako akasema tena dirishani. Kipenzi kisichobweka, kisichokojoa kwenye zulia, kisicholeta kelele ila ile unayoitaka. Utando ukapewa na harufu tamu ya kuita inzi, ili mwenye nyumba asihangaike kulisha. Waliuzwa majike peke yao, kila mmoja na cheti chenye nembo ya dhahabu kinachoapa kwamba ni tasa. Buibui hawakukisoma cheti. Walijifunza kutaga bila dume, na makinda yakawa yanakaa siku kumi na tisa kwenye utando wa mama, yakisikiliza kwa nyayo, kabla ya kutawanyika na maneno yale yale miguuni.

Harufu iliyoita inzi sebuleni, huku iliita nyuki, na tando zikawanasa. Msimu wa tatu sasa maua ya iliki ya Kwezibao yalikuwa yakidondoka bila kufunga tumba. Wanawake waliamka alfajiri kupaka chavua ua kwa ua, kwa unyoya wa kuku, na hata wakimaliza migongo imewakatika hawakuvuna robo ya walichovuna zamani. Ofisi ya karantini ilimpa Mwantumu siku sitini. Zikipita bila mafanikio, droni zingekuja kupuliza bonde zima dawa isiyochagua: buibui, nyuki, vipepeo, vyura, kila chenye miguu mingi au ngozi laini. Kwezibao ingebaki kijani na tupu.

Walimchagua kwa uzoefu wake. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa na sababu nyingine ya kuikubali safari ile, nayo ilikuwa neno moja.

2

Miaka kumi nyuma, bandarini, mama mmoja wa miaka sitini na kitu alishuka melini na boksi la kadibodi lililofungwa kwa kanga. Alikuwa amekwenda ng'ambo kuzika, na alirudi na uso wa mtu ambaye bado hajaanza kulia. Kwenye fomu yake ameandika neno moja na tarakimu moja: *Buibui, 1.* Mashine ya ukaguzi ilikwisha kuisoma ile fomu, na kwa kuwa ilijifunzia Kiswahili chake kwa wafanyabiashara wa nguo, ikaliweka boksi katika fungu la mavazi na kuwasha taa ya kijani. Kazi ya Mwantumu ilikuwa kufungua maboksi machache ambayo moyo wake umeyatilia shaka.

"Buibui la nani, mama?" akauliza, kwa kuuliza tu.

"Wa mwanangu. Marehemu."

"Pole sana. Amekuachia hilo tu?"

"Ndiye aliyebaki," mama akasema, na akaliegemeza boksi kifuani.

Sasa hapo, mtu yeyote aliyenyonya Kiswahili anasikia. Nguo ni *la*, ni *hilo*, ni *lililobaki*. Mwenye roho ni *wa*, ni *huyo*, ni *ndiye aliyebaki*. Mwantumu alisikia. Alisikia vizuri kabisa, wala hakuna kelele ya bandarini iliyomziba. Ila akajiambia kwamba msiba hufunga ulimi, kwamba watu wa milimani huchanganya maneno, kwamba ni aibu kuingiza mkono kwenye nguo za mfiwa mbele ya foleni ya wanaume. Akamwonea huruma. Akapiga muhuri.

Miaka mitatu baadaye, aliposoma kwa mara ya kwanza ripoti ya buibui wageni waliokuwa wanasema huko milimani, lile *wa* lilimrudia akiwa kwenye mswala, katikati ya rakaa, na halikuondoka tena. Alikuwa akilisikia kwenye maji ya bomba, kwenye mazungumzo ya watu wasiomhusu. Hakumwambia mtu. Mume wake alifariki bila kujua kwa nini mkewe alikuwa akishtuka mtu akitaja buibui, la kuvaa au wa kutembea.

3

Wiki ya kwanza walikusanya kwa mikono. Walichoma tando mia mbili, wakahesabu, wakakuta mia tatu mpya. Jioni ya siku ya nane Msuya alitandaza kwenye meza ya ghala la ushirika ramani hai ya kidijitali, kila utando doa jekundu, akakuna kichwa.

"Haina mantiki, bosi. Angalia. Ndani ya msitu kwenye wadudu tele, wachache. Njia wanayopita wanaume kwenda kwenye mashine ya mbao, hakuna kabisa. Ua wa madrasa, hakuna. Njia ya chemchemi, nyekundu tupu. Kibaraza cha zahanati siku ya kliniki, nyekundu. Wanafuata nini?"

"Maji?"

"Zahanati haina maji tangu pampu ife."

Asubuhi Mwantumu akaenda kukaa juu ya jiwe karibu na chemchemi, akatulia. Wanawake wakaja na ndoo zao, wawili wawili, wakizungumza habari za harusi iliyoharibika kwa sababu ya pilau. "Shikamoo mama," ukasema utando wa kwanza. "Marahaba mwanangu," akaitikia mmoja bila kugeuza shingo wala kukata habari ya pilau. "Shikamoo mama," ukasema wa pili. "Marahaba, hujambo?" akaitikia mwenzake. Hawakuwa wanacheza. Hata hawakujua kwamba wamejibu. Ulimi uliofunzwa tangu utotoni hauombi ruhusa.

Na kila walipoitikia, buibui aliacha kukwaruza, akakunja miguu, akashuka taratibu hadi pembeni mwa utando, na nyuma yake ukaanza kutoka uzi mweupe, mnene, wa kufungia mayai. Mwantumu aliinuka kwenye lile jiwe, akaenda kumtafuta Msuya.

Wakafanya jaribio. Chupa arobaini, buibui arobaini. Ishirini Mwantumu akawaitikia kila asubuhi kwa siku nne, ishirini wakaachwa. Katika walioitikiwa, kumi na wanane walitaga. Katika walioachwa hakutaga hata mmoja, na nyuzi zao zikaanza kulegea. Usiku huo Msuya alichimbua kijitabu cha zamani cha ile kampuni, akamsomea mstari mmoja: *Mjibu kipenzi chako. Akijua yuko kwa mtu wake, atatulia na kustawi.*

"Waliweka hiyo ili asife kwa upweke," Msuya akasema. "Akisikia sauti ya mtu mara tu baada ya yake, mwili unaamini yuko salama. Na buibui aliye salama hutaga. Huko walikouzwa, nadhani watu walikuwa wanasikiliza tu na kulia. Salamu yao haimlazimishi mtu."

"Na huku?"

"Huku, bosi, tumewazalisha kwa adabu."

Hakuna aliyecheka. Msuya akapiga hesabu kwenye kiganja chake: jike asiyeitikiwa haishi zaidi ya siku arobaini. Wachome vifuko vyote vya mayai vilivyopo, kisha kijiji kizima kinyamaze siku arobaini, basi. Hakuna dawa, hakuna droni. Nyuki watasalimika.

"Kunyamaza tu," akasema. "Nini rahisi kuliko hicho?"

Msuya alikuwa hajawahi kuwa mama wa mtu.

4

Mkutano ulifanyika alasiri, kwenye ghala. Mwenyekiti wa kijiji, Shemhilu, alieleza amri kwa maneno machache kwa sababu aliionea aibu: kuanzia kesho, mtu yeyote akiamkiwa kutoka vichakani, apite kimya.

Manung'uniko yakaanzia upande wa wanawake. Mama Kiondo, anayekaanga maandazi njia panda, akasimama.

"Afisa, sisi tumeelewa. Droni hatuzitaki. Lakini utuambie, mtoto anakuamkia, wewe unakaza shingo unampita, unalala vipi siku hiyo?"

"Si mtoto, mama. Ni mdudu."

"Mdudu ni huyo mwenye miguu. Sauti ni ya Hemedi. Hemedi alinitengenezea pampu yangu bure, na alikuwa akija kwangu kula maandazi ya jana kwa sababu anayapenda magumu. Nani hapa asiyemjua Hemedi?"

Vichwa vyote vikageuka kuelekea mlangoni. Pale alikuwa amekaa mama mzee, Bi Somoe, mama yake Hemedi, mikono imefungwa mapajani. Mwantumu akamtazama, akamtambua. Ni yule wa boksi. Bi Somoe naye akamtazama, na akamtabasamia kama mtu anayemwona jamaa yake.

5

Nyumba ya Bi Somoe ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu. Utando wa kibarazani kwake ulitoka nguzo hadi nguzo, wa zamani kuliko zote, rangi ya asali imekolea hadi inakaribia kuwa kahawia. Alimimina chai ya tangawizi, akamkaribisha mkekani.

"Nilikujua tangu uliposhuka kwenye gari," akasema. "Wewe ndiye uliyenihurumia bandarini. Nimekuombea dua miaka yote hii."

Mwantumu angeona nafuu kutukanwa.

"Mama, ungeniambia kwamba ni mdudu."

"Nilikuambia. Nilisema *wa mwanangu*. Ningesema *la mwanangu* ningekuwa mwongo, na mimi nilikuwa natoka kuzika. Nilijua umesikia. Nikasema, huyu mwanamke amenisitiri."

Kibarazani sauti ikasema salamu yake, na Bi Somoe akafumba macho, midomo ikacheza, ila hakuitikia. Ile ilikuwa heshima kwa mgeni.

"Wamefikaje msituni, mama?"

"Alitaga mwaka wa pili. Walitoka kama mia nne, wakajaa kwenye pazia. Nikachemsha maji. Nimesimama na sufuria, mvuke unaniunguza mkono, na wao wote wakaanza kuniamkia, visauti vyao vidogo kama vya mbu. Ungewamwagia wewe?"

"Sijui."

"Hujui. Basi mimi nikafungua dirisha."

Akanywa chai, akaweka kikombe, akakisogeza kidogo kana kwamba mahali pake hapajakaa sawa.

"Maneno hayo alinitumia siku aliyofika kazini kwake, huko ng'ambo. Nilikuwa shamba, simu imezima. Nimekuja kuiwasha siku ya tatu. Ujumbe wake ukaingia kwanza. Nyuma yake tu ukaingia wa rafiki zake, kwamba ameanguka kutoka kwenye jengo. Umenielewa, mwanangu? Aliniamkia, na akafa hajaitikiwa. Tangu siku niliyomleta huyu ndani, kila asubuhi namwitikia. Kila asubuhi. Na sasa umekuja kuniambia nimnyamazie tena."

Mwantumu alilia, hakuficha. Alilia kwa ajili ya Hemedi ambaye hakumjua, na kwa ajili ya mama huyu, na kwa woga wa kile alichokuwa karibu kukisema.

"Wakipuliza dawa, mama, atakufa hata hivyo. Watakufa wao na nyuki na kila kitu. Ukinyamaza, watakwisha wenyewe, na vingine vitabaki. Kijiji kizima kikinyamaza halafu wewe peke yako ukaitikia, atataga kifuko kimoja, na kifuko kimoja ni mia nne."

"Kwa hiyo nichague atakavyokufa."

"Ndiyo, mama."

Bi Somoe alimimina chai nyingine, akaiacha ipoe. Mwishowe akasema, "Siwezi kuwa humu nikanyamaza. Usinidanganye na mimi sijidanganyi. Nitakwenda kwa dada yangu mjini hadi siku zenu ziishe. Ila asibaki peke yake. Ukae wewe. Umsikilize."

"Nitakaa."

"Na ikitokea," akasema Bi Somoe, akitazama ukuta, "ikitokea moyo wako umeshindwa, ukamwitikia mara moja tu, ya mwisho, mimi sitakulaumu."

6

Kijiji kilinyamaza. Wanawake waliweka pamba masikioni. Wengine walihamia njia ya wanaume, ndefu na yenye tope. Mama Kiondo alikuwa akipita chemchemini anakariri bei za maandazi kwa sauti kubwa kama mtu aliyerukwa na akili. Msuya na vijana wa ushirika walichoma vifuko kila jioni hadi havikuonekana tena.

Wiki ya kwanza buibui waliongeza bidii. Walisema hata mchana wa jua kali, nyuzi zikiwa kavu na sauti ikikwaruza. "Shikamoo mama. Shikamoo mama." *Nimefika* wakaliacha, kana kwamba haina maana kutoa habari kwa mtu ambaye hajaitikia salamu. Mwantumu alikaa kwenye mkeka wa Bi Somoe, anaandika takwimu zake, na kila salamu ilimpiga kifuani. Alielimishwa, alijua ni gamba na nyuzi na chakula. Elimu yote ile haikumsaidia kitu.

Siku ya ishirini na moja bintiye alipiga simu.

"Shikamoo mama."

Mwantumu akaishika simu, akakaza meno, akatazama mbele.

"Mama? Upo? Mama!"

"Nipo," akasema mwishowe, jasho likimtoka. "Nipo, mwanangu. Marahaba. Nisamehe. Marahaba." Akarudia mara nyingi hadi bintiye akauliza kama anaumwa.

Siku ya thelathini tando za chemchemini zilikuwa zinaning'inia kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Siku ya thelathini na tatu Msuya alikuja mbio na picha: nyuki, mmoja, mzima, amejipaka chavua miguu yote, ndani ya ua la iliki. Walikumbatiana kama watoto. Siku ya thelathini na nane droni ndogo ya hesabu ilizunguka bonde lote na kurudi na namba moja. Aliyebaki alikuwa wa kibarazani.

Kesho yake alfajiri ukungu ulikuja mzito, na Mwantumu alikuwa amekwisha kuketi. Buibui aliinua mguu mmoja, ukarudi chini. Akainua tena. Hakuwa na nguvu ya kuanza salamu.

"Mama," akasema.

Mwantumu alisikia msitu mzima ulivyo kimya nyuma ya neno hilo.

"Mama."

Hapakuwa na mtu mwingine. Akajiambia: mara moja tu. Akitaga, Msuya atakichoma kifuko leo leo, nani atajua? Mama wa watu amesema hatanilaumu. Ni huruma tu. Na aliposikia hilo neno huruma likipita kichwani mwake aliitambua sauti iliyolitamka. Ilikuwa yake mwenyewe, ya bandarini, yenye muhuri mkononi. Akachukua pindo la mtandio, akalisokota, akaliuma hadi taya likamuuma. Machozi yakalilowesha.

"Ma," zikasema nyuzi.

Miguu minane ikajikunja taratibu, na yule buibui akabaki pale pale katikati, mwepesi, anayumbishwa na upepo. Mwantumu alikaa naye hadi jua likatoka, kama alivyoahidi. Kisha akaandika ripoti. Mstari wa kwanza wa ripoti ulikuwa tarehe ya boksi, jina la mkaguzi aliyelipitisha, na maneno yale matatu ya bandarini kama yalivyosemwa, kwa *wa* yake.

Msuya aliisoma mara mbili. "Bosi, huu mstari wa juu ufute. Watakuvua kazi. Wanaweza hata kukushtaki."

"Uache."

"Na Bi Somoe?"

"Bi Somoe aliniambia ukweli. Nimeandika hivyo."

7

Bi Somoe alirudi baada ya siku mbili, na kabla hajatua mkoba akaenda kibarazani. Aliutazama ule utando mtupu. Akaugusa kwa kidole kimoja, nao ukakatika bila sauti.

"Alisema nini mwisho?"

"Alisema *mama*."

"Ukamwambiaje?"

Mwantumu alikuwa na siku mbili nzima za kutafuta jibu. Angeweza kusema alimwitikia na kukichoma kifuko; lingekuwa jambo dogo, na mama huyu angelala. Alimwona jinsi alivyokaza macho, jinsi alivyolingoja.

"Sikumwambia kitu, mama."

Bi Somoe akatikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia.

"Nyuki wamerudi," akasema. "Nimewaona nikija. Umefanya kazi yako." Akaingia ndani.

Barua ya ofisi ilichukua siku nne kufika. Ilimwamuru Mwantumu arudi mjini akajieleze. Siku hizo nne alilala kwenye ghala la ushirika, na kila asubuhi alipita mbele ya nyumba ile ya mwisho. Asubuhi ya kwanza Bi Somoe alikuwa kibarazani akichambua mchele.

"Shikamoo mama," Mwantumu akamwamkia.

Vidole vya Bi Somoe vilisimama juu ya ungo. Alisikia, hapakuwa na shaka. Akainua uso akamtazama Mwantumu, bila hasira, bila chuki yoyote, akamtazama vizuri. Kisha akainama akaendelea na mchele. Ikawa hivyo asubuhi ya pili, na ya tatu.

Ya nne gari lilikuwa linanguruma njiani na Msuya yuko kwenye usukani. Mwantumu akapanda ngazi mbili za kibaraza, karibu kabisa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Shikamoo mama." Akangoja. Vidole vilikuwa vimesimama. Kwenye iliki nyuma ya nyumba nyuki walikuwa wengi, wanavuma. "Shikamoo mama," akasema tena, na sauti yake ikatoka imekonda, kama ya mtu aliye mbali. Alisimama pale hadi Msuya akapiga honi mara ya tatu, na hakuitikiwa.